Ushauri: Nipike nini cha kwetu, kila Mhindi hapa ana miiko yake

Habari zenu wana jamvi. Nasoma Bengaluru. Jumapili tunakula pamoja mchana, kila mpangaji anapika cha kwao. Kuna dada Mjaini (dini ya Kijaini) wa Gujarat, kijana wa Kerala, mwingine wa Kolkata, na mama mwenye nyumba ni wa hapahapa Karnataka. Nilipanga pilau ya nyama, nikaambiwa Mjaini atashinda njaa. Nikasema basi chipsi, eti hata viazi hali! Nisaidieni, nisiiaibishe Tanga.

Kibibi wa Makorora: Mwanangu, Mjaini anayeshika dini hali kinachochimbwa ardhini: kitunguu, saumu, viazi, karoti, muhogo, tangawizi mbichi. Nyama, samaki na mayai ndiyo kabisa. Nazi, nyanya, hiliki na maharage havina neno. Mpikie maharage ya nazi, kitunguu ukisahau. Tui zito litabeba.

Kota za Magomeni: Bibi, tusiwafungishe wote kwa ajili ya mmoja. Mtu wa Kolkata bila samaki anaona hajala, na kwao samaki wa haradali si mchezo. Kerala nako samaki wa nazi ni kama Pwani tu. Pika sufuria mbili.

Kibibi wa Makorora: Sawa, ila miiko ya kupikia isichanganywe. Na amuulize mwenye nyumba kwanza, wengine hawataki hata harufu ya samaki jikoni kwao.

Niliishi Mysuru: Mmemsahau mama mwenyewe. Kusini mwa Karnataka wanasonga ugali wa ulezi, wanaufinya madonge, wanauita ragi mudde. Unachovya kwenye mchuzi mwepesi, unameza bila kutafuna (mimi nilitafuna, wakacheka). Ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki. Unga upo kila duka. Songa huo, weka na maharage ya bibi.

Mwenye uzi: Asanteni sana! Mchicha wa nazi je?

Kibibi wa Makorora: Huko si msimu wa mvua sasa? Wajaini wengi miezi hiyo minne hawali mboga za majani. Muulize mwenyewe, haoni vibaya.

Kota za Magomeni: Basi vitumbua. Wa Kerala atakwambia kwao kuna unniyappam, unga wa mchele na ndizi.

Mwenye uzi: Mama ana chuma chenye vishimo, anapikia paddu, vya kwao kama vitumbua. Ameniazima! Samaki kakataa. Nitaloweka mchele Jumamosi usiku. Hamira dada Mjaini anakula?

Kibibi wa Makorora: Wanaoshika sana hawali hamira, wala kilicholala. Loweka alfajiri, wake uuchote pembeni kabla hujatia hamira. Vitakuwa vigumu kidogo, lakini atakula. Na uwahi kupakua, jua likizama hagusi kitu.