Wafinyanzi wa kale walichanganya nini kwenye udongo? Naomba ushauri

Mwanafunzi wa Udongo:
Wakuu, salaam. Najifunza ufinyanzi wa kale, ule wa kuchoma kwa kuni bila tanuri. Nataka kufinyanga chungu cha kupikia na mtungi wa maji. Udongo nilionao ni mmoja, laini na unanata sana. Nasikia watu wa kale walitia mchanga, vigae vilivyopondwa, hata makombe, yaani maganda ya chaza, yaliyopondwa. Kipi kinafaa wapi?

Kigae Kikuukuu:
Karibu mkuu. Udongo laini mtupu husinyaa sana ukikauka, na motoni mvuke haupati pa kutokea. Ndiyo maana walitia punje. Chungu cha kupikia mimi ningekitilia vigae: vimeshachomwa, na hutanuka karibu sawa na udongo unaovizunguka. Mchanga wa kwatzi (madini magumu yaliyo mengi mchangani) nao unafaa, ila kwatzi hutanuka ghafla joto likifika nyuzi 573 za Selsiasi. Uwe mchache, punje ndogo.

Bi Mtungi:
Naongezea umbo, maana wengi hulisahau. Chungu cha jikoni kisiwe na kona; kitako kiwe mviringo na ukuta mwembamba, unene sawa kote, pasiwe na sehemu inayotanuka peke yake. Mtungi uache vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya ukutani, wazi: maji hupenya kidogo, yakikauka kwa nje yale ya ndani yanapoa. Kwa hiyo usiusugue sana kwa jiwe.

Mwanafunzi wa Udongo:
Asanteni sana. Na makombe je? Ninayo mengi.

Kigae Kikuukuu:
Hapo angalia moto. Wafinyanzi wa bonde la Mto Mississippi, Marekani, waliyatumia sana miaka 1000 hivi iliyopita, wakapata vyungu vyembamba vinavyostahimili jiko. Lakini joto la kuchomea likizidi, kombe hugeuka chokaa. Chombo kitatoka kizima, kisha chokaa inanyonya unyevu, inavimba na kumega ukuta. Uchome moto wa wastani.

Kuni Kavu:
Chumvi kidogo kwenye udongo, au kuukanda kwa maji ya bahari, hupunguza balaa hilo. Ila tusidhani wazee wale walichagua kila kitu kwa ujuzi wa kimaabara tu. Mtafiti Dean Arnold alilinganisha wafinyanzi wa jamii nyingi, akaona wengi huchota udongo umbali usiozidi kilomita 7. Yaani kilichokuwa karibu nacho kiliamua mengi. Finyanga vibao vidogo, kila kimoja na mchanganyiko wake, uvichome pamoja, kisha uviache wiki kadhaa kabla ya kuamua. Chokaa haina haraka.