Tupeane uzoefu: Uliwahi kutunga wimbo na rafiki kutokana na melodi moja tu?

Wakuu, salaam. Naanza mimi.

Rafiki yangu anapiga gitaa, mimi ni mtu wa mashairi. Usiku mmoja akanirekodia sauti kwa simu, sekunde kama 40, gitaa na "na-na-na" bila neno hata moja. Nikaisikiliza kwenye daladala siku mbili mpaka ikanikaa, nikaandika beti tatu nikazipenda mno.

Tulipokutana kuziimba zikagoma. Melodi yake ilikuwa inakita silabi ya pili ya kila mstari, na mimi nimeanza na "barabara", ile ya kupita magari, ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu. Kila tukiimba inatoka "barabara" yenye maana ya sawasawa! Nikamwambia abadilishe muziki. Akaniambia nibadilishe neno. Tukanuniana wiki nzima, kweli kabisa. Mwishowe akaongeza noti moja fupi mwanzoni mwa mstari, mkazo ukasogea, neno likakaa pake. Ndipo nilipoelewa kuwa alikuwa ameyasoma maneno yangu kwa makini kuliko nilivyodhani.

Nyie ilikuwaje?

*

Mimi niko Unguja, naandikia taarabu. Desturi yetu shairi hutangulia, kisha mwenye udi au fidla akalitia muziki. Sahibu yangu alinijia kinyume: muziki tayari, maneno hana. Nikampa beti za mistari mitatu, mizani (yaani silabi) minane kwa minane katika kila mstari, zikaingia bila tabu. Lakini hapo ndipo penye mtihani, kwani shairi lolote la mizani hiyo lingeingia. Muziki wake ulikuwa wa huzuni, mimi nimeandika mapenzi ya furaha. Nililichana lote. Nikamuuliza, "Ulipokuwa ukiupiga, ulikuwa ukimfikiria nani?" Akanijibu: marehemu mamake. Nikaandika upya usiku ule ule.

*

Sisi wa kwaya ni rahisi kidogo. Mwenzangu aliimba sauti ya kwanza tukirudi mazoezini, nikaiandika papo hapo kwa solfa, zile herufi za do-re-mi, nyuma ya risiti: s l s m. Besi aliiweka yeye. Mpaka leo hatujui nani katunga nini.

*

Naomba niseme la uchungu. Melodi ya korasi ilikuwa yangu, niliiimba tukiwa tumekaa kibarazani kwao. Wimbo ulipotoka, mtunzi ni yeye peke yake. Nilipolalamika akasema nilitoa wazo tu. Kisheria hapo aliniweza: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kazi iliyotungwa. Melodi ni zaidi ya wazo, lakini sikuwa nimerekodi wala kuandika chochote, ningethibitisha nini? Urafiki wa miaka tisa umekatika. Sasa hivi nikiguna tu, simu iko wazi inarekodi.

*

Mleta mada hapa. Pole sana, ndugu wa korasi, imeniuma. Jana nilimsomea mwenzangu maneno yako. Tumefungua daftari lile lile la beti, tukaandika: maneno fulani, muziki fulani, nusu kwa nusu, tarehe, sahihi mbili. Ile sauti ya sekunde 40 nimeihifadhi pia. Studio tunaingia Jumamosi.