MREJESHO: Mchawi wa matumbawe yangu kapatikana

Habari wakuu. Mwezi uliopita niliomba msaada: matumbawe kwenye tangi langu la lita 200, hapa Muscat, yanabanduka nyama mpaka yanabaki mifupa myeupe, huku samaki wakidunda kama kawaida. Wengi mlisema joto, wengine taa.

Lakini vipimo vilikuwa sawa: joto nyuzi 26, chumvi 1.025, alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) 8 bila kuyumba wiki nzima. Aliyenishtua ni yule aliyeuliza, "Konokono wako wazima?" Kwenda kuangalia, watatu wamelala chali mchangani, wananuka. Kamba wangu ndiye sikumwona tena.

Nikanunua kipimo cha shaba. Rangi ikabadilika palepale!

Chanzo ni kikoki cha rangi ya dhahabu, kumbe kina shaba ndani yake, nilichofunga mwenyewe kwenye ndoo ya maji ya kujazia tangi yanapopungua, eti kile cha plastiki kinavuja. Nilipokifungua, ndani kimeota ukijani. Maji yaliyochujwa mpaka hayana madini hula shaba vibaya sana, nami nilikuwa nayatia kila siku. Samaki huvumilia shaba kiasi. Matumbawe, konokono na kamba hawana ubavu huo.

Nimerudisha plastiki, nimebadilisha robo ya maji mara nne, na nimeweka mkaa wa kuchujia. Akropora (matumbawe yenye matawi) zote saba zimekwenda na maji. Zoanthidi, aina nyingine ya matumbawe, zimeanza kufunguka tangu Ijumaa, kwa kujivutavuta. Mawe yanaweza kunyonya shaba na kuitema taratibu, kwa hiyo konokono sinunui mpaka kipimo kisome sifuri mara tatu mfululizo.