Filamu ya mfululizo ikibadili steringi: wimbo uleule, wimbo mpya, au uleule uliopikwa upya?

Boda wa Majengo (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Tuna kikundi chetu hapa Dodoma, tunatengeneza filamu fupi za mfululizo na kuziweka YouTube. Hadithi ni ya dereva bodaboda wa Majengo ambaye kila mara anajikuta ndani ya kesi za watu: leo ng'ombe kaibiwa, kesho kiwanja kimoja kina wenyewe wawili. Vipande vitatu vimeshatoka. Kila kipande kinaanza na mluzi. Steringi anapiga mluzi huku anawasha pikipiki, halafu kinanda kinaupokea. Watoto wa mtaani wameushika, tukipita wanatupigia.

Sasa steringi wetu kapata ajira Mwanza. Tumepata mwingine, anaigiza vizuri kuliko hata yule (asisome hapa). Kikundi kimegawanyika. Wapo wanaotaka mluzi ubaki kama ulivyo, mwanzoni kabisa, usiguswe. Wapo wanaotaka tumpe kijana mmoja wa bongo fleva pale Chang'ombe atunge wimbo mpya, mtu mpya aje na lake. Mimi nipo katikati: mluzi ubaki ila tuupike upya, ilimba (ile ala ya Kigogo ya vijiti vya chuma, inapigwa kwa vidole gumba) na zeze badala ya kinanda, na labda tuucheleweshe usije mapema. Nyie mnaofuatilia muvi ndefu za wenzetu, wao wakibadili mtu muziki wanaufanyaje?

Kinanda Bovu

Uleule, mjadala umekwisha. James Bond, muvi za yule jasusi, imepita kwa steringi sita tangu Dr. No ya 1962 mpaka ile ya 2021, filamu 25, na lile gitaa la wimbo wake halijastaafu. Connery kaondoka, Lazenby kapita mara moja tu, kaja Moore, Dalton, Brosnan, Craig. Sura ngeni ikitokea mtazamaji anasitasita, gitaa likilia anatulia.

Dada wa Nkuhungu

Gitaa lipo, sawa, ila angalia linawekwa wapi. Mwaka 2006 walipomleta Craig kwenye Casino Royale walikuwa na shida hiihii ya mleta mada: mtu mpya, na hadithi inarudi nyuma hadi siku anapopewa leseni yake ya kuua. Mtunzi wa muziki, David Arnold, akawanyima watu. Filamu nzima unasikia vijipande tu, besi kidogo hapa, tarumbeta pale, ukitaka kuushika unaponyoka. Unapigwa wote mwisho kabisa, jamaa akishataja jina lake. Mimi Craig nilikuwa simtaki hata kidogo. Pale nikanyamaza.

Halafu wapo waliokwenda bila huo muziki, na hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1983 Sean Connery mwenyewe alirudi kwenye Never Say Never Again, filamu iliyotengenezwa na watu wengine, siyo wenye mfululizo. Haki ya ule muziki hawakuwa nayo, hivyo Michel Legrand akatunga vyake. Steringi ni yuleyule wa kwanza, sura ileile, nyusi zilezile, lakini unaitazama unaona kama mtu anayefanana na Bond. Kwa hiyo Boda, linganisha mwenyewe: mwenyeji asiye na wimbo na mgeni mwenye wimbo. Kwangu mgeni kashinda mapema.

Prodyuza wa Area C

Kuna wa katikati mmemruka. GoldenEye, 1995. Steringi mpya, Brosnan, baada ya miaka sita bila filamu. Muziki akapewa Mfaransa, Éric Serra, akaja na midundo yake baridi ya kompyuta. Siyo mbaya, mimi naipenda hadi leo, wenzangu studio wananicheka. Ila ilipofika ile sehemu ya kifaru kinavunja kuta huko St. Petersburg, wenye filamu waliuweka pembeni muziki wake, wakamwita John Altman aandike mwingine wenye lile gitaa la zamani. Kwa hiyo kijana wa Chang'ombe mpeni kazi, ila pikipiki ikianza kumkimbiza mwizi pale Sabasaba, pawe na mluzi. Hapo hakuna mtu anataka kusikia kitu kigeni.

Na mbona mnaona kama ni lazima kuchagua moja? Bond hao hao karibu kila filamu wanatafuta mwimbaji anayevuma waimbiwe wimbo mpya. Shirley Bassey aliimba Goldfinger 1964, wakamwita tena mara mbili. Adele akaimba Skyfall 2012, ukachukua Oscar. Wimbo mpya unapewa nafasi yake pale majina yanapopita, na gitaa linabaki kazini kwake.

Mzee wa Kibanda

Nawasoma hapa nacheka. Nimeonyesha muvi kwenye kibanda umiza kuanzia enzi za kanda, nawajua watazamaji. Hayo ya kuwanyima watu wimbo mpaka mwisho yanawezekana kwa mtu aliyelipa tiketi ya sinema, kafungiwa gizani, hana pa kwenda. Kwangu mtu yupo nje anakula miwa. Wimbo ukilia ndiyo anaingia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, isipolia atajuaje? Na hao wa simu ndiyo wabaya zaidi, kidole kipo tayari kusukuma. Mission: Impossible wanalijua hili. Wameanza kwenye televisheni 1966, utambi unawashwa, ule mdundo wa Lalo Schifrin unaanza, umekaa. Kwenye sinema toka 1996 waongozaji wamebadilika, watunzi wamebadilika, utambi na mdundo havijabadilika. Weka mluzi mwanzo, kijana.

Shabiki wa Kihindi

Naunga mkono hoja ya Mzee. Dhoom ya 2004, ya 2006 na ya 2013, kila moja adui mpya: John Abraham, Hrithik Roshan, Aamir Khan. Na tuseme ukweli, Dhoom watu wanaenda kumwona adui. Sasa kama kivutio chako kinabadilika kila mara, kinachobaki ni nini? Wimbo wa Pritam. Wameuvalisha nguo mpya kila mara, sauti nyingine, mchezaji mwingine, ila ukifika kiitikio hata bibi yangu anajua ni Dhoom.

Jamaa wa UDOM

Wakuu mnajibu kabla ya kuuliza. Huo mluzi ni wa nani? Ni wa yule kijana aliyekwenda Mwanza, au ni wa bodaboda yoyote atakayekalia ile pikipiki? Maana muziki wa filamu unaweza kuwa mali ya mtu au mali ya ulimwengu mzima wa hadithi, na hizo mbili hazihami kwa njia moja.

Mfano Star Wars. Wengi wanadhani ile machi nzito (muziki wa gwaride) ya Darth Vader, yule adui mwenye kofia nyeusi, ilikuwepo toka filamu ya kwanza ya 1977. Haikuwepo. John Williams aliileta 1980 kwenye The Empire Strikes Back, na ikawa ya Vader kiasi kwamba 1999, walipomwonyesha Vader akiwa bado mtoto, Williams alimtungia wimbo mtamu wa kitoto, halafu mwishoni mwake akachomeka dokezo la ile machi. Mtoto anacheka, wewe uliyekaa unajua atakuwa nani. Huwezi kumpa mtu mwingine wimbo kama huo ukanyamaza.

Harry Potter ni kinyume chake. Ule wimbo wa mwanzo una jina la bundi, lakini nani anamfikiria bundi akiusikia? Umekuwa wa shule nzima, wa uchawi wote. Williams alitunga filamu tatu za kwanza akaondoka, wakafuata Doyle, Hooper na Desplat, filamu nane watunzi wanne, na wimbo ukavumilia mikono yote hiyo.

Sasa shida yenu: mluzi unatoka mdomoni mwa mhusika. Siyo kinanda cha nje ya hadithi. Boda, huyu mpya anaigiza mtu yuleyule au mtu mwingine?

Boda wa Majengo

Mtu mwingine. Ni mdogo wake. Kaka kahamia Mwanza kweli, ndani ya hadithi pia, kamwachia dogo pikipiki.

Jamaa wa UDOM

Basi ninyi ni Creed ya 2015. Kijana wa Apollo, bondia aliyepigana na Rocky kwenye muvi za zamani, ana muziki wake mwenyewe, kautunga Ludwig Göransson. Zile tarumbeta za Rocky za 1976, za Bill Conti, unazisubiri filamu nzima, zinakuja kwenye raundi ya mwisho ya pambano la mwisho. Ukumbi wote unasimama. Dogo wenu asiujue mluzi. Mwanzoni ajaribu ukatike, watoto wa kijiweni wamcheke. Aupige mzima akishaimaliza kesi yake ya kwanza.

Dada wa Nkuhungu

Hapo hapo! Na Mzee wa Kibanda kapata mluzi wake mwanzoni.

Mzee wa Kibanda

Nimepata nusu. Nusu mluzi wateja wangu wataniuliza kama spika imekufa.

Mwalimu wa Kwaya

Naomba niingilie kwenye ilimba, naona imetajwa kama kiungo cha kunyunyiza. Mluzi wenu umekaa juu ya kinanda. Ilimba ya Kigogo haijapangwa kama kinanda, zipo sauti zake zinazoangukia katikati ya vibao vyako viwili. Ukimpa mpigaji wimbo wa kinanda autafute hivyo hivyo, ama atakwama, ama atacheza kitu ambacho kinanda kikiingia juu yake kinagombana naye. Mzee Hukwe Zawose, ambaye ndiye aliyeifikisha ilimba yetu kwenye majukwaa ya dunia na kurekodi kwa Peter Gabriel, hakuwa anaifuata ala ya mtu. Wengine ndio waliomfuata.

Kwa hiyo chaguo la tatu ni zuri kuliko yote mliyotaja, lakini siyo la kubadili ala tu. Mpe mpigaji mluzi mtupu, bila kinanda, aupeleke anakokujua. Utarudi umepinda kidogo, na bado watu watautambua kwa mwendo wake wa kupanda na kushuka. Ukimwongezea akina mama wa muheme chini yake, ile ngoma itafanya kazi kuliko besi ya kompyuta. Wa kaka ulikuwa wa kinanda, wa dogo uwe wa ilimba. Hadithi imejieleza yenyewe.

Kinanda Bovu

Kwa hiyo kinanda kimefukuzwa kazi.

Prodyuza wa Area C

Kibaki kwenye simu. Kaka akipiga kutoka Mwanza, mlio wa simu ya dogo uwe ule mluzi wa zamani na kinanda chake. Boda, aliyetunga mluzi ni nani, na mmeandikishana? Maana umesikia yaliyowakuta wale wa 1983.

Boda wa Majengo

Katunga mpiga kinanda wetu, karatasi ya makubaliano ipo, kila mtu kasaini. Hilo la mlio wa simu naliiba. Mwanzo nusu mluzi, mwisho mluzi mzima wa ilimba, kijana wa Chang'ombe anapata majina ya mwisho. Kikundi kikikataa nitawaonyesha uzi huu. Mwalimu, wapigaji nawapata wapi, Chamwino? Jumamosi nina pikipiki.

Mwalimu wa Kwaya

Chamwino, ndiyo. Ila Jumamosi kuna harusi, wote wamekodiwa. Njoo Jumapili baada ya ibada, na huo mluzi uje kwenye simu, umerekodiwa ndani ya nyumba. Upepo wa huku utaumaliza wote.

Mzee wa Kibanda

Mkimaliza nileteeni kwenye fleshi. Mwanzo nitaukata niweke wa zamani.