Boksi za CD za muziki wa klasiki: bahasha za kadi, vitabu vya jalada gumu, au juzuu moja moja?

MpendaKantata
Wakuu, habari zenu. Nataka kununua kantata za Bach zote kwa mkupuo, yaani zile tungo zake za kanisani za waimbaji na ala, kisha nihamie kwenye opera za Wagner. Habari za waimbaji na waongoza okestra nimeshasoma vya kutosha humu. Kinachonisumbua ni kasha na karatasi zake. Kijerumani sikijui. Nikisikiliza bila maneno mbele ya macho, sauti naifurahia ila kinachosemwa kinanipita.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni boksi la mraba lenye bahasha za kadi na kijitabu chembamba cha orodha ya vipande, huku maneno ya nyimbo yakiwa kwenye CD ya kompyuta au mtandaoni. Ya pili ni boksi la kifahari lenye vitabu vya jalada gumu. Ya tatu ni kuokoteza juzuu moja moja zilizokwisha tumika, kila moja na kijitabu chake kamili. Aliyeishi na hizi zote anipe ukweli.

Fagoti
Ya tatu, bila kusita. Mtazame Gardiner, mwongoza okestra wa Uingereza. Mwaka 2000, miaka 250 tangu Bach afariki, alizunguka makanisa akiongoza kantata kwa kufuata kalenda ya kanisa, na rekodi zikatolewa na lebo yake ya Soli Deo Gloria. Kila juzuu imetengenezwa kama kitabu kidogo, juu ina picha ya uso wa mtu iliyopigwa na Steve McCurry, na ndani Gardiner mwenyewe anaandika kuhusu safari na kuhusu kila kantata. Mjapani Suzuki naye, mwongozaji pia, kwenye lebo ya BIS, alianza kurekodi 1995 akamaliza 2013, juzuu 55, na vijitabu vina maelezo yake kuhusu vyanzo vya nota: nakala ipi imefuatwa, ala ipi imechaguliwa pale vyanzo vinapogongana. Mambo ya namna hiyo ndiyo ya kwanza kufyekwa kampuni zinapokusanya kila kitu kwenye boksi moja.

Na hata juzuu za CD ni kivuli tu cha zamani. Waongozaji Harnoncourt na Leonhardt walipoanza kutoa kantata zao 1971, santuri zilikuja na nota kamili ndani ya kasha. Ulisikiliza huku unafuata mstari wa obo kwa kidole.

RafuImejaa
Mzee Fagoti, heshima yako, lakini mwenzetu ana nyumba, hana maktaba. Boksi la Bach 333 lililotoka 2018 lina CD 222. Weka kila moja kwenye kasha la plastiki la kawaida, lenye unene wa milimita 10, uone: rafu ya zaidi ya mita 2 kwa mtunzi mmoja! Ukitumia bahasha za kadi, kitu chote unakibeba kwa mikono miwili, japo kwa kuhema.

Halafu vile vijitabu vya kwenye kasha la plastiki tusivisifie kupita kiasi. Ukurasa wa sentimita 12, lugha tatu zimebanana, herufi za kutafuta kwa darubini. Kikiwa kinene kidogo, kukitoa chini ya vile vishikizo vinne ni kukichana. Mimi nasomea kwenye tableti, nakuza herufi ninavyotaka. Lebo ya Hyperion wameweka vijitabu vyao kwenye tovuti, unapakua bila malipo hata kama CD hujanunua.

BibiNota
Nadhani mnabishana juu ya vitu viwili tofauti. Piano na simfonia hazina maneno, hapo bahasha za kadi zinatosha kabisa. Boksi la mpiga piano Glenn Gould la Sony, 2015, lina CD 81 kwenye nakala ndogo za majalada ya awali, pamoja na kitabu kimoja kikubwa cha kurasa 416. Kitabu kile ni raha. Ila majalada yenyewe ni mapambo tu: jalada la santuri lina upana wa sentimita 30 na ushei, ukilibana hadi sentimita 12 eneo linabaki karibu sehemu moja kwa sita. Maandishi ya nyuma yanageuka vumbi la wino. Na kwa kuwa wanafuata mpangilio wa santuri, CD inayoweza kubeba karibu dakika 80 inakuja na dakika 40. Idadi kubwa iliyoandikwa ubavuni isikutie kiwewe.

Kwa kantata, ndugu MpendaKantata, uliza kwanza kama kuna faharasa. Nasema hivi kwa sababu kila mradi una mpangilio wake. Harnoncourt na Leonhardt walifuata namba za BWV, yaani za orodha ya kazi za Bach, kwa hiyo hata bila faharasa hupotei. Gardiner anafuata Jumapili na sikukuu. Suzuki anafuata, kwa kadiri ilivyowezekana, mfuatano wa utunzi. Mtu anakuambia sikiliza BWV 106, wewe una boksi la CD 55 ambazo migongo yake haina hata neno. Utafungua bahasha ngapi? Ukurasa mmoja wa faharasa unakuokoa kuliko insha ndefu ya profesa.

MpendaKantata
Dada BibiNota, hilo la faharasa sikuliwaza kabisa. Na yale maneno yaliyowekwa kwenye CD ya kompyuta, yanatumika kweli au ni geresha?

Fagoti
Geresha. Kompyuta nyingi siku hizi hazina hata mahali pa kuingizia CD. Na zile anwani za tovuti zilizochapwa nyuma ya boksi, lebo ikiuzwa tu au tovuti ikipangwa upya, unabaki na ukurasa mtupu.

RafuImejaa
Siyo geresha. Brilliant Classics waliuza Bach na Mozart nzima kwa mtindo huo, na ndiyo sababu watu wengi waliweza kuzimiliki. Azima kisomea-CD cha nje, nakili faili zote, weka nakala mbili. Kazi ya jioni moja. Tovuti nakubali, hizo usiziamini: pakua siku ileile boksi linapofika.

Kuna pia njia ya kati ambayo hamjaitaja. Nyimbo za Schubert za Hyperion, za mpiga piano Graham Johnson, zilitoka kwanza kwa juzuu 37, na maelezo yake ya wimbo kwa wimbo ni hazina. Boksi la CD 40 lililofuata lina kitabu cha maneno ya nyimbo, lakini maelezo yale hayamo. Basi unanunua boksi, unapakua vijitabu vya juzuu za awali, umemaliza. Rafu imepona na maarifa unayo.

Fagoti
Hapo umenishinda kidogo. Kidogo.

KinasaSauti
Mmesahau kwamba kasha linaweza kuila CD. Nawapa visa viwili vinavyojulikana.

CD zilizotengenezwa katika kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, kati ya takriban 1988 na 1993, baadhi yake zimegeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni kuelekea ndani, na hatimaye haziimbi. Vanishi iliyopakwa juu haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi, ikiwa ni pamoja na karatasi ya kijitabu. Anayeokoteza juzuu za zamani azigeuze kwenye mwanga kabla ya kufurahia kijitabu.

Cha pili ni yale makasha manene ya opera ya miaka ya 1980, yenye kipande cha sifongo juu ya CD. Sifongo ile huoza, inanata, inaacha alama. Ukikuta, itupe leo.

Bahasha za kadi nazo zina shida: zikibana sana, kila unapotoa CD inasuguliwa. Mimi huiminya bahasha pembeni ifumbuke, kisha naiinamisha CD iteleze yenyewe. Na upande wa kuogopa ni ule wenye maandishi, kwa sababu data iko chini yake tu, imefunikwa na vanishi. Upande wa kung'aa una plastiki ya zaidi ya milimita 1. Makasha ya kadi yenye trei ya plastiki iliyogundishwa ndani ndiyo mabaya kupita yote: meno ya katikati yakivunjika, trei huwezi kubadilisha.

BibiNota
Sasa Wagner, maana hapo mjadala unabadilika. Chukua Ring, mfululizo wake wa opera nne, ulioongozwa na Solti na kurekodiwa Vienna kati ya 1958 na 1965, CD 14. Bila libreto, kitabu cha maneno ya opera, unapotea saa ya kwanza. Na siyo libreto yoyote. Tafuta toleo lenye safu mbili, Kijerumani upande mmoja na tafsiri upande wa pili, mstari kwa mstari, na namba za vipande vya CD zimechapwa pembeni. Hizo namba ni muhimu kuliko picha zote za jukwaa. Nimewahi kutumia libreto ya toleo moja na CD za toleo jingine. Namba hazikulingana hata kidogo, mhusika Wotan yuko ukurasa wa 40 mimi bado namtafuta mwenzake Alberich. Toleo kubwa la 2012 lina libreto kwenye jalada gumu na pia CD 2 za mtaalamu wa muziki Derryck Cooke akichambua mada za muziki kwa mifano. Kwa anayeanza, Cooke ni mwalimu hasa.

RafuImejaa
Nakubali, opera ipewe kitabu. Lakini kitabu chenye akili. Yale makasha mapana ya okestra ya Berliner Philharmoniker, kwa mfano lile la mwongozaji Furtwängler la 1939 hadi 1945 lenye diski 22, ni mazuri kuyatazama, nayo hayaingii popote. Lebo ya Alia Vox ya mwanamuziki Jordi Savall wanafanya vizuri zaidi: kimo cha CD ya kawaida, unene wa kamusi, na kwenye kile cha Jerusalem hadi Kiarabu na Kiebrania vimo.

KinasaSauti
MpendaKantata, ukichukua njia ya mzee Fagoti, usiridhike na muuzaji akikuandikia "hali nzuri sana". Mara nyingi anasema CD tu. Omba picha ya kijitabu kikiwa kimefunguliwa katikati, pale penye pini. Pini zikiwa na kutu, unyevu ulishaingia, na kurasa za karatasi ya kung'aa zikilowa zinagandamana, huzibandui tena. Kwenye maboksi ya opera muulize waziwazi kama libreto ipo. Watu huitoa wakaisome kitandani, hairudi.

MpendaKantata
Nimeelewa. Kantata nachukua boksi la bahasha, maneno napakua na kuyachapisha kwa mfuatano wa BWV. Ring nangoja lenye libreto. Fagoti, zile juzuu za Gardiner unazo mbili mbili?

Fagoti
Ninazo chache. Siuzi.