Mara sita tumeishika, "kidogo" tumeiangusha njiani: tujadili ushauri wa kula mara nyingi kwa siku

Mtoa mada

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za mchana.

Jambo hili limetugawa nyumbani, nimeona nililete hapa. Mama yangu ana miaka 61. Aligundulika na kisukari miaka minne iliyopita, na dawa anayotumia ni metformin tu. Siku ya kwanza kliniki aliambiwa asile mlo mkubwa, ale kidogo kidogo mara tano hadi sita kwa siku. Karatasi ya ushauri ameibandika kwenye mlango wa friji, na saa za kula anazishika kuliko hata saa za dawa.

Mwezi wa tatu nilikaa naye wiki mbili, nikawa naangalia bila kusema kitu. Saa moja asubuhi chai na chapati. Saa nne maandazi mawili na chai nyingine, kwa sababu saa imefika. Saa saba wali, maharage na mchicha, kwenye sahani ile ile ya bati yenye maua ya buluu tuliyokulia sisi, imejaa mpaka maua hayaonekani. Saa kumi muhogo wa kukaanga na chai. Saa mbili usiku ugali na samaki. Kabla ya kulala kikombe cha uji, eti sukari isimshuke usiku. Mara sita, hakuna aliyoiruka. Nikamuuliza, "Mama, kile kidogo kidogo kiko wapi?" Akaniangalia kwa upole, "Si nimegawanya, mwanangu?"

Hakugawanya. Ile milo mitatu ya zamani haikupungua hata kijiko, juu yake imeongezwa mitatu mipya. Uzito umepanda, na sukari ya asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni haijashuka chini ya 9 mmol/L tangu mwaka jana. Na mama si mkaidi. Ametii ushauri kama alivyousikia, na hilo ndilo linaloniuma.

Ushauri huu una vipande viwili. "Mara sita" ni saa, na saa iko ukutani, kila mtu anaiona. "Kidogo" ni kiasi gani? Hakuna aliyemwonyesha. Kwa hiyo kimoja kinashikika, kingine kinateleza, na mtu anabaki na nusu ya ushauri ambayo peke yake ni hatari kuliko kutokuwa na ushauri kabisa.

Tuje kwenye msingi wenyewe. Wengi tumeambiwa kwamba ukila mara nyingi mwili unakuwa kama jiko linalochochewa, unachoma mafuta mchana kutwa. Ni kweli mwili unatumia nguvu kusaga chakula na kukisambaza, kama sehemu ya kumi ya nguvu iliyomo kwenye chakula chenyewe. Lakini pigeni hesabu. Mtu wa kalori 2,000 kwa siku akizila kwa milo miwili, anatumia 100 na 100. Akizigawa mara sita, ni kama 33 mara sita. Zote ni 200. Kuni ni zile zile.

Na watu wamelipima hili. Mwaka 1997 mtafiti aitwaye France Bellisle na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, hawakukuta ushahidi kwamba wingi wa milo peke yake unaongeza nguvu ambayo mwili unaichoma. Mwaka 2010 huko Ottawa, Canada, watu wanene 16 walipunguziwa chakula kwa wiki nane, wengine kwa milo mitatu, wengine milo mitatu na vitafunwa vitatu. Kupungua kwao hakukutofautiana. Lililonishtua zaidi ni la Prague, Jamhuri ya Czech, 2014. Wagonjwa 54 wa kisukari cha ukubwani, wanaotumia vidonge kama mama yangu, walikula kiasi kile kile cha kalori kwa njia mbili, wiki 12 kila njia: mara sita kwa siku, kisha mara mbili tu, asubuhi na mchana, au kinyume chake. Kwenye milo miwili walipungua wastani wa kilo 3.7, kwenye sita 2.3, na sukari ya asubuhi ilishuka zaidi kwenye ile miwili.

Nisiwe mtu wa kuchagua yanayonifaa tu. Toronto, 1989, David Jenkins na wenzake waliwapa wanaume saba chakula chao cha siku kikiwa kimegawanywa mara 17. Lehemu mbaya, yaani kolesteroli ya LDL, ilishuka kwa zaidi ya asilimia 13 ukilinganisha na walipokula mara tatu. Hilo si dogo. Lakini angalieni: chakula kilikuwa kile kile, kimepimwa na watafiti. Kwa mama yangu nani anapima?

Msimamo wangu ni kwamba watu wazima wasiambiwe tena "mara sita" kama dawa ya uzito au kisukari, isipokuwa kwa sababu maalumu inayotajwa. Naomba kuwasilisha.

Mkufunzi wa gym, Mwanza

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho, ila hapa unamchapa mwalimu kwa kosa la mwanafunzi. Wanaonijia wengi ni watu wa ofisini. Asubuhi anatoka na chai ya rangi, mchana kikao kimempita, saa tatu usiku akisikia harufu ya kikaango ndipo anakumbuka hajala. Anapiga chips mayai, mishkaki minne, soda mbili, halafu huyo kitandani. Ukimwambia "punguza" hakuelewi, maana wakati ule njaa ndiyo inayoagiza. Nikimpa yai la kuchemsha na tango saa nne, kiganja kimoja cha karanga saa kumi, ile saa tatu anafika ametulia.

Habari ya jiko kuchochewa nakubali haina ukweli, na nimeacha kuisema. Lakini kutuliza njaa ni jambo halisi, nimeliona kwa macho yangu.

Mtoa mada

Nakubaliana na wewe kuhusu huyo wa saa tatu usiku. Ila dawa yake ni chakula cha mchana, mkufunzi, na siyo mara sita. Na njaa haitulii kwa kila mtu. Colorado, Marekani, mwaka 2013 watafiti waliwafungia watu 15 kwenye chumba cha kupimia nguvu ambayo mwili unaichoma, wakila mara tatu dhidi ya mara sita. Mafuta yaliyochomwa yalikuwa sawa, na kwenye mara sita walisema wanasikia njaa zaidi. Kuna mtu ukimwonjesha kidogo ndiyo umemwamsha.

Mama lishe, Buguruni

Naomba niseme kama mpishi. Ninyi mnataja mayai na matango. Njooni bandani kwangu saa nne muone kinachoondoka. Andazi 200, yai la kuchemsha 500. Kijana wa kubeba mizigo ana buku moja mfukoni, anachukua maandazi matatu na chai, anakwenda nayo mpaka saa nane. Simlaumu, na mimi mayai nikipika mengi yanabaki.

Wabeba mizigo hawana nafasi ya mara sita. Alfajiri supu na chapati mbili, saa nane wali, basi mpaka nyumbani usiku. Juzi dada mmoja wa ofisi ya jirani alinunua vitumbua vitano, akaniambia daktari kamshauri ale kidogo kidogo, kwa hiyo atakula kimoja kimoja mpaka mchana. Nilimfungia kwenye karatasi, na kabla hajavuka barabara karatasi ilishalowa mafuta. Nilitamani kumwambia kitu lakini ni mteja, na mimi si daktari. Kwa hiyo namuunga mkono mtoa mada: anayetoa ushauri ajue kwanza saa nne barabarani kuna nini.

Muuguzi, Tanga

Nimefanya kazi kliniki ya kisukari miaka mingi, na nadhani najua ushauri huu ulivyotufikia. Insulini za zamani, zile zinazokaa mwilini muda mrefu, ukishachoma inafanya kazi ule usile. Mgonjwa asipotia kitu tumboni saa nne, sukari inaanguka, anatoka jasho, anatetemeka, anaweza kuzimia. Kwa hiyo tulifundishwa: kula kidogo, mara kwa mara. Ilikuwa sahihi kwa mgonjwa yule. Baadaye tukampa kila mwenye kisukari karatasi ile ile.

Metformin ikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari mpaka hatarini. Kikombe cha uji wa usiku cha mama yako huenda hakikuhitajika, lakini muulize daktari wake, usimwondolee kwa maneno ya humu. Anayechoma insulini, au anayemeza glibenclamide na ndugu zake zinazoisukuma kongosho itoe insulini, ni habari nyingine kabisa. Asiruke mlo kwa sababu amesoma mjadala. Hata Ramadhani tunawatenganisha: wa metformin tunampangia dozi ya futari na daku, wa insulini tunakaa naye chini kabla mwezi haujaandama, na wengine tunawaomba wasifunge.

Kuna wengine ambao kula kidogo kidogo kunawasaidia kweli. Mjamzito anayetapika miezi ya mwanzo. Aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji. Mgonjwa wa TB ambaye vijiko vinne vinamshinda. Kwa hawa sitaki kusikia habari ya milo miwili.

Kosa letu sisi wahudumu nalikubali. Foleni ni ndefu, mgonjwa mmoja unampa dakika tano, na "mara sita" inasemeka kwa sekunde mbili. Kuonyesha kipimo cha wali kwa ngumi ya mkono wake kunataka ukae naye.

Tabibu wa meno, Dodoma

Mmesahau mdomo. Kila ukinywa chai ya sukari au kutafuna andazi, bakteria wa kwenye meno wanatengeneza asidi, na mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kuirudisha hali yake. Mara sita ni mara sita za asidi, na uji wa kulalia ndio mbaya zaidi, kwa sababu ukilala mate yanapungua. Anayelazimika kula katikati ya milo, chai iwe bila sukari.

Mama wa watoto wawili, Mombasa

Mimi naogopa jambo moja tu: msije mkaisoma mada hii mkawapunguzia watoto. Mtoto wa miezi saba tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Ukimpa uji mwepesi mara mbili, amejaa maji na hakuna alichopata. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka, anayenyonya apewe chakula angalau mara mbili akiwa na miezi sita hadi minane, na angalau mara tatu kuanzia miezi tisa. Asiyenyonya, mara nne. Huko kwenu Tanzania utafiti wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 chini ya miaka mitano wamedumaa. Huku kwetu mahamri na mbaazi asubuhi anakula baba na mtoto pamoja, lakini baba anashinda nayo, mtoto saa nne analia njaa. Kilio hicho ni cha haki.

Mtoa mada

Asante mama, umefanya vyema kulisema, na ningelitaja mwenyewe mwanzoni. Nazungumzia watu wazima ambao hawana sababu zile alizotaja muuguzi. Muuguzi, nimeisoma michango yako mara mbili. Nimempigia simu dada yangu, Jumatatu anakwenda na mama kliniki kuuliza kuhusu uji ule wa usiku.

Maandazi ya saa nne mama amekubali kuacha. Amesema mwenyewe hakuwa na njaa, alikuwa anaogopa tu. Chai ya saa kumi anaibakiza kwa sababu jirani yake huja wakanywa pamoja kibarazani, na hiyo siigusi, ila sukari imetoka.

Lililonishinda ni sahani. Nilimnunulia ndogo, ya udongo, nzuri tu. Siku ya kwanza aliitazama, akaigeuza, akauliza kama kuna mgeni mtoto anakuja. Kisha akapakua kwenye ile ya maua, na ile ndogo akaweka pilipili. Kwake kupakuliwa kidogo ni kunyimwa. Alikulia kwenye nyumba ya watoto tisa, sinia moja, na aliyechelewa alikuta makoko. Sitaki nimrudishe huko kwa jina la afya.

Kama kuna aliyefanikiwa kupunguza sahani ya mzazi wake bila kumvunja moyo, aniambie alianzaje. Nitakuwa naye tena mwisho wa mwezi.