Familia ya watu sita na barabara za Njombe: X-Trail, Forester, RAV4 au CX-5?

Mkazi wa Njombe

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaomiliki au waliowahi kumiliki magari ninayoyataja hapa, kwa sababu maelezo ya wauzaji nimeshayasikia ya kutosha na kila mmoja husifu lililopo kwenye yadi yake. Tunaishi Njombe mjini, mimi, mke wangu na watoto watatu, na mara nyingi mama mkwe huwa pamoja nasi. Siku za kazi gari litafanya safari fupi tu za shule na sokoni. Mwisho wa mwezi tunakwenda kijijini upande wa Ludewa, ambako kipande cha mwisho cha njia ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi mtupu wakati wa mvua. Likizo tunashuka Dar es Salaam kupitia Makambako, Iringa na mlima wa Kitonga, gari likiwa limejaa watu na viazi vya kugawa kwa ndugu.

Nimebakiwa na magari manne, nikiyataja kwa misimbo ya matoleo yake: Nissan X-Trail ya T31 au T32, Subaru Forester ya SH5 au SJ5, Toyota RAV4 ya ACA31, na Mazda CX-5 ya toleo la kwanza. Nimeambiwa niogope CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kuhesabika, na ndiyo maana wengine wananisukuma kwenye RAV4. Nimevutiwa pia na CX-5 ya dizeli kwa sababu ya ulaji wake mdogo wa mafuta. Je, niagize Japani au ninunue lililokwisha kutumika hapa nchini, ambalo herufi za namba yake ya usajili zinaanza na D au E?

Fundi wa Gerezani

Ndugu, kabla hujachagua jina la gari, chagua kwanza giaboksi, kwa kuwa katika magari ya aina hii matengenezo makubwa kuliko yote mara nyingi huanzia hapo. Waliokusukuma kwenye RAV4 ili ukwepe CVT hawakukueleza kwamba ACA31 iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoiona huku, nayo ina CVT. Kati ya magari yako manne, kwa matoleo ya petroli ya otomatiki, yasiyo na CVT ni mawili tu: Forester ya SH5, yenye giaboksi ya kawaida ya otomatiki ya gia nne, na CX-5, yenye otomatiki ya gia sita.

Hata hivyo CVT si ugonjwa. Ndani yake hakuna gia za kupanda na kushuka, bali kuna puli mbili zinazotanuka na kubana, na kati yake mkanda wa chuma, au mnyororo kwa upande wa Subaru. Kinachouzuia mkanda huo usiteleze ni shinikizo la oili pamoja na msuguano ambao oili yenyewe imetengenezwa iutoe. Ukimimina oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huanza kuteleza, hukwaruza uso wa puli, na kuanzia hapo hakuna dawa ya chupa itakayorudisha hali ya mwanzo. X-Trail ya T31 ilitengenezewa oili ya NS-2, T32 inatumia NS-3, Toyota wana za kwao aina ya TC na FE kulingana na giaboksi, na Subaru vilevile wana yao. Magari mengi ninayoletewa yakiwa yamekufa giaboksi yalipita kwanza kwa mtu aliyesema kwamba oili zote ni sawa.

Adui wa pili ni joto. Gari lililojaa watu sita na magunia, likipanda Kitonga nyuma ya lori linalotambaa, huipasha moto oili ya giaboksi kuliko safari nyingine yoyote utakayofanya. Joto likizidi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili kuilinda giaboksi, na dereva asiyejua hukanyaga zaidi akidhani injini imechoka. Dawa ni kuacha nafasi kati yako na lori, kupanda kwa mwendo usiobadilikabadilika, na kusimama pembeni mahali salama iwapo nguvu imepungua. Wakati wa kushuka tumia L ili injini isaidie breki. Wateja wangu wenye CVT nawabadilishia oili kila kilomita 40,000, hata kama muuzaji amewaambia kwamba oili hiyo ni ya maisha yote ya gari.

Kuhusu CX-5 ya dizeli, kwa matumizi uliyoeleza nakukataza moja kwa moja. Lina chujio la masizi kwenye mfumo wa moshi, yaani DPF, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo gari likiwa limepata moto wa kutosha na mwendo wa kutosha. Safari za kupeleka watoto shule ndani ya mji wa baridi kama Njombe hukatisha kazi hiyo kila mara kabla haijakamilika. Chujio linajaa, na dizeli inayonyunyizwa kwa ajili ya kuchoma masizi hushuka na kuchanganyika na oili ya injini. Ni kweli kwamba dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa kiwango cha salfa hadi 50 kwa milioni mwaka 2015, na hilo limesaidia, lakini haliondoi tatizo la safari fupi. Chukua la petroli.

Dereva wa Forester, Arusha

Naongezea kwa upande wa Forester, ambayo ndiyo ninayoiendesha. SH5 si gari moja. Zilizotoka mwishoni mwa 2007 hadi 2010 zina injini ya EJ20 yenye mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa ukifika kilomita 100,000 pamoja na kikaza mkanda na, kwa busara, pampu ya maji. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na hapo gharama inakuwa ya injini nzima. Kuanzia mwisho wa 2010 waliweka FB20 yenye cheni, huku giaboksi ikibaki ileile ya gia nne. Kwa maoni yangu, hizo za mwisho, yaani 2011 na 2012, ndizo za kutafuta, kwa sababu unapata cheni bila kuingia kwenye CVT. SJ5 iliyofuata ina CVT, lakini ina nafasi kubwa zaidi, na sehemu ya chini ya gari iko milimita 220 kutoka ardhini. Nyingi pia zina X-MODE, mfumo wa kudhibiti mvuto wa magurudumu, ambao kwenye utelezi husaidia kweli.

Magurudumu yote manne ya Subaru hii huvuta wakati wote, kwa hiyo matairi hununuliwa manne kwa pamoja, ya kampuni moja na saizi moja. Mtu anayebadilisha mawili ya mbele kwa sababu bajeti imebana anaichosha klachi ya katikati bila kujua. Plagi nazo ziko ubavuni mwa injini, hivyo fundi ambaye hajaizoea atakupotezea nusu ya siku na kukudai pesa ya siku nzima. Ulizia kwanza kama hapo Njombe yupo fundi anayeifahamu, maana Arusha tunao wengi na huko sijui hali yake.

Mwenye X-Trail, Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Huku sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo T31 na SH5 tunazoziona ni zile zilizoingia zamani, na mjadala wetu zaidi ni kuhusu T32.

Nina T32 ya petroli ya lita 2.0. Nimeridhika nayo kwa familia: viti vya kitambaa kisichopitisha maji ni neema kwa mwenye watoto, na kirungu cha kuchagua 2WD, AUTO au LOCK kinaeleweka hata na mtu asiyependa mambo ya magari. Ila nakuomba usome msimbo wa modeli kabla ya kulipa. NT32 ni ya magurudumu manne, T32 bila N ni ya kuvuta mbele tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha upesi. Kwa Mazda, KEEAW ni ya magurudumu manne na KEEFW ni ya mawili. Kwa RAV4, ACA31 ni manne na ACA36 ni mawili. Wauzaji hapa kwetu huandika “4WD” kwa kuangalia umbo la gari.

Jambo jingine ni idadi ya watu. Umesema mko sita. Forester, CX-5 hiyo na RAV4 hiyo ni za watu watano, hakuna namna. X-Trail ya T32 inapatikana yenye safu tatu za viti, watu saba, lakini toleo la haibridi lina safu mbili pekee. Safu ya tatu inawafaa watoto, mtu mzima atafika na magoti kidevuni. Na ukiinua viti hivyo, sehemu ya mizigo iliyobaki itachukua mabegi machache tu.

Mkazi wa Njombe

Nashukuru sana. Suala la viti nililichukulia kwa wepesi, nikidhani watoto watabanana, lakini mkubwa ana miaka kumi na mmoja na hawezi kubebwa na mtu tena. Basi nabaki na NT32 ya safu tatu, au Toyota Vanguard ambayo jirani ananishauri. Je, Vanguard ina tofauti gani na RAV4, na kodi zake zikoje?

Mama wa Dodoma

Kaka, Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa na kupewa safu ya tatu katika matoleo ya watu saba, na haina tairi la akiba mlangoni. Ya lita 2.4 ina injini ya 2AZ na CVT kama RAV4 yenyewe. Ya lita 3.5 ina otomatiki ya kawaida ya gia tano, ila kwa mshahara wa kawaida mafuta yake utayalipa kwa uchungu.

Kwenye kodi ndipo ukubwa wa injini unapoumiza. Gari likiingia kutoka Japani, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000, na ikizidi 2000 unakuwa asilimia 10, hivyo Vanguard na RAV4 za cc 2362 zinaingia kwenye kundi la juu ilhali NT32 na CX-5 za lita 2.0 zinabaki chini. Kisha kuna tozo ya uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. VAT ya asilimia 18 huja juu ya jumla ya hayo yote, na tozo nyingine ndogo hufuata. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hutumia thamani iliyomo kwenye kikokotoo chake, kwa hiyo risiti ya bei ya kutupa uliyopewa na muuzaji wa Japani haitakusaidia. Kokotoa kwanza, kwa kuwa viwango vinaweza kuguswa kila bajeti inapopita.

Kwa hesabu hiyo, Vanguard kuagiza sasa ni kujitafutia adhabu, kwa sababu zote zimeshapita miaka 10 na injini yake ni kubwa. Ukiitaka, tafuta yenye namba D iliyotunzwa na mtu mmoja. NT32 ya miaka ya karibuni ndiyo inayofaa kuagizwa. Mimi nina CX-5 ya petroli na nisingeibadilisha na yoyote kati ya hizo, lakini sisi tuko wanne. Kwa watu sita singekudanganya.

Fundi wa Gerezani

Nakubaliana na dada wa Dodoma. Ukiagiza NT32, dai karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha daraja la hali ya gari, usiridhike na picha. Gari lenye daraja R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Si lazima likataliwe, lakini bei yake haipaswi kuwa sawa na ya gari la daraja la 4.

Ukinunua la hapa nchini, lione likiwa la baridi. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Liwashe, weka D, kisha R, ukisikiliza kama kuna mshtuko au kuchelewa kushika. Liendeshe nusu saa, utafute mlima, upande taratibu bila kukanyaga kwa nguvu: mshale wa mzunguko wa injini ukipanda huku mwendo hauongezeki, au ukisikia mlio wa kuvuma unaofuata mwendo wa gari, achana nalo. Omba pia mashine ya kusoma kompyuta iunganishwe gari likiwa bado la moto, kwa kuwa kuna wanaofuta makosa asubuhi kabla mteja hajaja.

Kwa Vanguard, kagua oili ya injini na uulize imeongezwa lini mara ya mwisho. Baadhi ya injini za 2AZ za miaka ile zinajulikana kula oili kupitia ringi za pistoni, na mwenye gari mkweli atakwambia anaongeza kiasi gani kati ya sevisi mbili.

Usimalize pesa zote kwenye bei ya gari. Tenga ya kubadilisha oili ya injini, oili ya CVT na chujio lake, oili ya difu ya nyuma, vichujio vya hewa na kabini, pamoja na maji ya rejeta, na yote hayo yafanyike kabla ya safari ya kwanza ya Kitonga.